Mkazo Wao, Irabu Zetu: Kutamka Majina ya Mwili kwa Kiingereza

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaoanza mwaka wa kwanza wa masomo ya afya, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya matamshi ya majina ya anatomia kwa Kiingereza. Katika maandishi haya ya hotuba nimeiweka silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, ili msomaji naye asikie walichosikia waliokuwepo ukumbini.

Nianze na simu niliyoipiga nikiwa mwanafunzi kama ninyi.

Wodini tulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyevunjika mguu, akafungwa plasta ngumu kuanzia chini kidogo ya goti. Usiku akaanza kulalamika. Hakuweza kuinua kidole gumba cha mguu, hakuweza kuvuta mguu kuelekea juu, na ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imekufa ganzi. Plasta ilikuwa ikimbana upande wa nje, palepale inapopita neva inayoizunguka shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Kwa Kiingereza neva hiyo huitwa "peroneal nerve". Nililijua jina lake. Nilikuwa nimelisoma, nimelichora, nimelifanyia mtihani. Kitu kimoja tu sikuwahi kukifanya: sikuwahi kulitamka kwa sauti mbele ya mtu.

Nikampigia simu daktari wa zamu. Nilikuwa na haraka, na nilikionea haya Kiingereza changu, basi neno nikalimeza katikati. Upande wa pili wa simu halikufika "peroneal", lilifika "perineal". "Perineum" ni msamba. Daktari akaagiza mgonjwa aandaliwe kwa uchunguzi wa msamba akiwa njiani kuja. Pazia likavutwa, mama wa watu akavuliwa nguo, akaombwa atanue miguu, naye akatii, maana mgonjwa aliyelala usiku wa manane wodini kwetu hutii. Niliporudi kutoka kwenye simu nilimkuta amejifunika uso kwa kanga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kinachoniuma ni mguu. Mbona mnanitafuta huku?"

Plasta ilikatwa usiku uleule, na baada ya wiki kadhaa aliweza tena kuuinua mguu wake. Lakini swali lake sijalisahau hadi leo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Usiku ule ulimi uliojikwaa ulikuwa wangu, na aliyevuliwa nguo bure alikuwa yeye.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jozi hiyo ya maneno imewasumbua wengi. Orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia iliyotolewa mwaka 1998 ilitanguliza jina "fibular" kwa neva hiyo, na "peroneal" likabaki kama jina mbadala. Walimu wengi huieleza sababu hivyohivyo: "peroneal" na "perineal" zinakaribiana mno masikioni. Hata hivyo jina la zamani halijafa. Mtalikuta vitabuni, mtalisikia wodini, na mtapaswa kulitamka.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, kwa sababu mwanafunzi asiyejua yalikotoka huyaona kama mvua ya mawe.

Maneno haya kwa asili si ya Waingereza. Mengi ni ya Kigiriki na Kilatini. Andreas Vesalius alipotoa kitabu chake kikubwa cha mwili wa mwanadamu mwaka 1543, alikiandika kwa Kilatini, na kwa karne nyingi wanaanatomia wa Ulaya walifundishana kwa lugha hiyo. Yapo pia yaliyopitia Kiarabu, na hayo yanatugusa sisi kwa karibu zaidi. Zile tando za ubongo ziitwazo "dura mater" na "pia mater" zina neno "mama" ndani yake, kwa sababu waliozitafsiri kutoka vitabu vya Kiarabu walikuta neno "umm" wakaliweka kwa Kilatini neno kwa neno. Na "nuchal", sifa ya kisogo na nyuma ya shingo, inatokana na neno la Kiarabu lililohusu uti wa mgongo.

Majina yalizidi kuongezeka hadi yakawa vurugu. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 yalikuwa yapata 50,000, kiungo kimoja kikiwa na majina matano au kumi, kila mwalimu na lake. Mwaka 1895 wanaanatomia walikubaliana mjini Basel juu ya orodha moja ya majina 5,000 na ushei. Kwa hiyo maandishi yakawa na utaratibu. Sauti hazikuwekewa utaratibu wowote. Kila taifa liliendelea kuyasoma maneno yaleyale ya Kilatini kwa kinywa chake, Mjerumani kivyake, Mtaliano kivyake. Mwingereza ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote, kwa sababu kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za lugha yake zilihama. Iliyokuwa "a" ndefu ikawa "ei", "i" ndefu ikawa "ai", "e" ndefu ikawa "ii". Kilatini alichokuwa akikisoma shuleni kikahama pamoja nazo. Ndiyo maana neva ya "vagus" ni VEI-gas, "femur" ni FII-ma, na wingi wa "bronchus" ni BRON-kai. Mrumi wa kale asingeyatambua. Lakini ninyi hamtampigia simu Mrumi wa kale. Mtampigia daktari wa zamu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hili ndilo lililonileta. Kinachompotosha mzungumzaji wa Kiswahili kwanza kabisa ni mkazo. Herufi ngumu zinakuja baadaye.

Lugha yetu imetuzoesha jambo moja jema: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-TA-bu, m-GA-nga, ma-ta-MSHI-ni. Tumelizoea hadi hatulisikii tena. Na bado tunajua kwamba mkazo ukihama, neno huweza kuwa jingine. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Walakini nalo huwa lakini au kasoro, kutegemea mkazo. Mtoto wa darasa la kwanza hakosei hapo. Basi Mwingereza naye anasikia hivyohivyo katika maneno yake. Ukimwambia "ska-PU-la", kila herufi ikiwa sahihi na mkazo ukiwa mahali petu, hasikii mfupa wa bega. Anasikia neno asilolijua. Atakuomba urudie, utarudia vilevile kwa sauti ya juu zaidi, na bado hatakuelewa. Kumbe angekuelewa mara moja kama ungesema SKA-pyu-la, hata herufi nyingine ukizikosea.

Mkazo huo una kanuni, na kanuni yenyewe ni ya Kilatini. Itazame silabi ya pili kutoka mwisho. Kama irabu yake inafuatwa na konsonanti mbili, mkazo unakaa hapohapo, kama kwetu. "Patella", kifupa cha goti, ni pa-TE-la. "Axilla", kwapa, ni ak-SI-la. "Maxilla", mfupa wa taya la juu, ni mak-SI-la. "Medulla", "ampulla", "papilla", "cerebellum", yote haya mnaweza kuyasema kwa mkazo wa Kiswahili mkawa sahihi kabisa. Ziangalieni "l" mbili zilivyosimama pale kama nguzo mbili za mlango.

Kama irabu hiyo ni fupi na inafuatwa na konsonanti moja tu, mkazo unaruka nyuma hatua moja. Hapa ndipo tunapoanguka. Maneno yanayoishia kwa "-ula", "-ulus" na "-ulum" hufuata njia hii, na katika anatomia ni mengi mno, kwa sababu mara nyingi viishio hivyo vilikuwa vya kuonyesha udogo, kama "ki-" yetu. SKA-pyu-la. FI-byu-la. YU-vyu-la, ambacho ni kilimi, na jina lake la Kilatini maana yake ni kizabibu. Na lile neno refu linalowatisha wengi, "acetabulum", kikombe cha nyonga kinamoingia kichwa cha mfupa wa paja: a-si-TA-byu-lam. Warumi walikuwa na kikombe kidogo cha siki mezani wakikiita hivyo. Ukishajua kwamba "-ulum" haibebi mkazo, neno hilo linakaa sawa kinywani bila vita.

Tatizo linabaki pale irabu inapokuwa ndefu bila kufuatwa na konsonanti mbili, kwa kuwa urefu wa irabu hauonekani kwa macho. "Saliva" ni sa-LAI-va. "Peritoneum" ni pe-ri-to-NII-am. "Oesophagus", umio, inaruka nyuma: i-SO-fa-gas. Haya hayana ujanja. Yanasikilizwa, yanarudiwa, yanaandikwa pembeni mwa daftari na alama ya mkazo juu yake. Mimi bado nina daftari langu la mwaka wa kwanza lenye alama hizo kwa wino mwekundu. Kila jina jipya la anatomia mnaloliandika, wekeni alama ya mkazo siku hiyohiyo, kabla kinywa hakijazoea kosa. Kinywa kikizoea kosa, hata masikio yako yatalitetea.

Upande wa mkazo, basi, sisi ndio tunaojifunza kwao. Upande wa irabu mambo yanageuka, na hili sikulisikia kwa mwalimu wangu yeyote.

Kiingereza kina tabia ya kula irabu zisizo na mkazo. Silabi moja inasimama, nyingine zote zinainama mpaka zinafanana. Sasa rudini kwa yule mama wa plasta. "Peroneal" ni pe-ro-NII-al. "Perineal" ni pe-ri-NII-al. Mkazo uko mahali pamoja, herufi nyingine zote ni zilezile, na kinachoyatofautisha maneno haya mawili ni irabu moja tu iliyo kwenye silabi isiyo na mkazo, yaani ileile ambayo Kiingereza cha haraka huimeza. Hata aliyezaliwa na lugha hiyo, akiharakisha, anayafanya yawe kitu kimoja. Usiku ule nilikuwa naiga. Nilidhani Kiingereza kizuri ni kile cha mbio, cha kumeza meza, kama wanavyosema kwenye filamu. Laiti ningeitamka "o" yangu ya Kiswahili, ileile ya "moto" na "mkono", iliyo wazi na ya mviringo, mama yule asingevuliwa nguo.

Kwa hiyo nawaambia: mkazo chukueni wao, irabu bakini na zenu. Irabu tano safi ni mali. Semeni pe-RO... hapana, msihamishe mkazo huko. Semeni pe-ro-NII-al, "ro" ikisikika nyepesi lakini kamili. Na ongezeeni jozi hii nyingine kwenye orodha: "peritoneal", sifa ya utando wa tumbo, ni pe-ri-to-NII-al. Mguu, msamba, tumbo. Sehemu tatu za mwili, na majina yake yanatenganishwa na irabu moja na silabi moja.

Kuna jozi nyingine ambayo lugha yetu imetupa silaha tayari, na inasikitisha tunapoiacha nyumbani. "Ureter" ni mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. "Urethra" ni mrija unaoutoa mkojo kibofuni hadi nje. Moja ni yu-RII-ta, nyingine ni yu-RII-thra. Ukiifanya "th" kuwa "t", ya pili inakuwa yu-RII-tra, na kwenye simu yenye kelele haina tofauti na ya kwanza. Mpira wa mkojo unaingizwa kupitia urethra. Jiwe lililotoka figoni linakwama kwenye ureter. Huwezi kuacha mambo mawili kama hayo yakachanganyikana. Nasi "th" tunayo! Tunaitumia kila siku katika thamani, thelathini, methali. Mataifa mengi makubwa yanahangaika na sauti hiyo miaka nenda miaka rudi. Asiyezoea kuitumia kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwake, anayo karibu ya kuazima, ndani ya Kiswahili chake mwenyewe. "Thorax", "thyroid", "ethmoid", zote zinatumia "th" ya thamani.

Konsonanti nitazipitia upesi, kwa kuwa zenyewe zina utii. Herufi "c" mbele ya "e", "i", "y" na mbele ya "ae" na "oe" ni "s", kwingineko ni "k". Ndiyo maana "caecum", mwanzo wa utumbo mpana, ni SII-kam, "s" na "k" ndani ya neno moja. "Coccyx", kifandugu, ni KOK-siks. Wanaosema "KO-siks" wameidondosha "k" ya pili njiani. Herufi "g" mbele ya "e" na "i" ni "j": fa-LAN-jiiz kwa mifupa ya vidole, me-NIN-jiiz kwa tando za ubongo. "Ch" katika maneno ya Kigiriki ni "k", kamwe si "ch" ya chai: "bronchus" ni BRON-kas, "brachial" ni BREI-ki-al.

Herufi za kimya mwanzoni mwa majina haya kwa kawaida ni za Kigiriki. "Psoas", msuli mkubwa unaoshuka kutoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye paja, ni SO-as. "Pterygoid" ni TE-ri-goid. Wengi huniuliza kwa nini waandike "p" wasiyoitamka. Wagiriki waliitamka. Neno "pteron" kwao ni bawa, na "pterygoid" ni sehemu ya mfupa wa fuvu yenye umbo la bawa. Bawa hilohilo limo ndani ya neno helikopta, na humo "p" inasikika kabisa, kwa kuwa iko katikati ya neno ambapo ulimi wa Mwingereza hauoni taabu nayo. Ni mwanzoni tu anapoiacha. Na "x" mwanzoni ni "z": "xiphoid", ile ncha ya chini ya kidari penye chembe cha moyo, ni ZI-foid.

Nina ombi moja dogo kuhusu "larynx" na "pharynx", maana nayasikia vibaya hata kwa watu waliokwisha hitimu. Zoloto ni LA-rinks. Koo ni FA-rinks. Tazameni mpangilio wa herufi: "r", kisha "y", kisha "n". Wengi hugeuza wakasema "la-niks" au "lar-niks", na hata wenye Kiingereza chao hukosea hapo. Someni herufi moja baada ya nyingine kama mnavyosoma Kiswahili, na kosa litaisha lenyewe.

Wingi nao una mitego yake. "Foramen", tundu la mfupa, ni fo-REI-man. Yakiwa mengi, "foramina", ni fo-RA-mi-na. Silabi ni ileile, mkazo ni uleule, lakini "ei" imegeuka kuwa "a". "Femur" ni FII-ma, ila sifa yake "femoral" ni FE-mo-ral. Msishangae mkisikia mtu mmoja akitamka shina moja kwa sauti mbili ndani ya sentensi moja. Yuko sahihi.

Mtaniuliza: je, matamshi sahihi ni ya nani? Uingereza au Marekani? Swali hili huleta ubishi usio na faida kwenye mabweni. "Trachea" kwa Mwingereza ni tra-KII-a, kwa Mmarekani ni TREI-ki-a. "Duodenum" ni dyu-o-DII-nam, na Wamarekani wengi husema du-O-da-nam. "Skeletal" wengi husema SKE-li-tal, lakini Uingereza utasikia pia ske-LII-tal. "Umbilical" ni am-BI-li-kal au am-bi-LAI-kal. Yote ni sahihi. Mtu aliyejifunza njia moja asimkosoe wa njia nyingine. Ninachokataa ni mtu kuchanganya njia mbili ndani ya neno moja, akazaa la tatu lisilojulikana na yeyote. Chagueni njia ambayo wenzenu mnaofanya nao kazi wanaitumia, na jueni ya pili kwa masikio ili msipotee mkiisikia.

Sasa nifike mahali ambapo matamshi, hata yawe sahihi namna gani, hayatoshi. Nasikitika kwamba vitabu vingi vya matamshi havisemi hili waziwazi.

"Ilium" ni mfupa wa nyonga, ule unaoshikwa na mkono mtu akisimama mikono kiunoni. "Ileum" ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mmoja una "i" katikati, mwingine una "e". Ukiyatamka kwa usahihi kamili wa Kiingereza, yote mawili ni I-li-am. Hakuna tofauti. Hakuna mkazo utakaokusaidia, wala irabu safi haitakuokoa, maana hata ukisema I-le-am, msikilizaji hajazoea kuisikia tofauti hiyo na ataisahihisha kichwani mwake. Hapa dawa ni moja: ongeza neno. Sema mfupa, au sema utumbo. Usimalize sentensi na jina hilo likiwa peke yake.

Vivyo hivyo "aural" ni ya sikio na "oral" ni ya mdomo, na kwa wasemaji wengi wa Kiingereza yanafanana kabisa. Taja sikio, taja mdomo. "Cervical" ni ya shingo, lakini shingo ipi? Ya kichwani au ya mji wa mimba? Neno ni moja, na sauti peke yake haikuambii. Na wale mtakaofanya kazi ya viungo mtakutana na "abduction", kuupeleka mkono mbali na mwili, na "adduction", kuurudisha karibu. Waliozoea kazi hiyo hawajiamini hapo hata kidogo: wanazitaja herufi moja moja, "ei-bii" na "ei-dii", kisha wanamalizia neno. Nimewaona mabingwa wenye miaka thelathini ya kazi wakifanya hivyo bila haya yoyote. Nanyi msione haya.

Kuhusu haya, niseme neno kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi akisimama akasema "pi-so-a-si", darasa zima likacheka, yule mwanafunzi hatalisema tena neno hilo. Atalimumunya. Atashusha sauti kila akilifikia, na kumumunya ni kubaya kuliko kukosea, kwa sababu aliyekosea kwa sauti kubwa anarekebishwa, aliyemumunya anaachwa apite. Mimi niliachwa nipite mwaka mzima. Nilifaulu mitihani yote ya kuandika. Hakuna aliyewahi kuniomba nitamke. Nawaomba, kila mtihani wa anatomia uwe na dakika tano za kusema: mwanafunzi aonyeshwe mfupa, alitaje jina, mwenzake aliye na kisogo kwake aandike alichosikia. Wakipatana, amefaulu. Kipimo ni kile kilichoandikwa na mwenzake.

Na ninyi wanafunzi, msijifunze maneno haya kwa macho peke yake. Tuanze sasa hivi, mkiwa mmekaa. Wekeni mkono juu ya goti. Pa-TE-la. Kwa pamoja. Pandisheni mkono hadi begani, mguseni jirani nyuma ya bega lake, ule mfupa bapa. SKA-pyu-la. Naisikia "ska-PU-la" huko nyuma, rudieni. SKA-pyu-la. Vizuri. Chini ya kidari, penye chembe cha moyo, ZI-foid. Shikeni kwapa: ak-SI-la.

Sasa shukeni tena kwenye goti, upande wa nje, vidole viwili chini yake. Kuna kinundu kigumu. Hicho ni kichwa cha FI-byu-la. Telezesheni kidole kidogo chini ya kinundu hicho, nyuma kidogo, mbonyeze polepole. Wengine mtahisi kamba nyembamba ikiteleza chini ya kidole, na huenda ganzi kidogo ikashuka hadi juu ya mguu. Hapo ndipo plasta ya yule mama ilipokuwa ikibana. Ondoeni kidole, msiibonyeze sana. Mgeukie mwenzako, mpe kisogo, jifanye uko kwenye simu usiku na kuna kelele, na umwambie jina la neva hiyo.

Pe-ro-NII-al.

Mwulize ameandika nini.